Namba ya Tatu: Kurasa za Wavuti Zilivyopata Kina, Kutoka Geneva Hadi Ngara

Tarehe 4 Aprili 1994, huko Mountain View, California, watu wawili waliandikisha kampuni waliyoiita Mosaic Communications. Mmoja alikuwa kijana wa miaka 22, Marc Andreessen, aliyetoka Chuo Kikuu cha Illinois ambako yeye na wenzake walitengeneza kivinjari cha Mosaic. Wa pili, Jim Clark, alikuwa mtu mzima mwenye jina lake. Mwaka 1982 alikuwa ameanzisha Silicon Graphics, kampuni ya kompyuta za kuchora vitu vyenye urefu, upana na kina. Dinosaria wa filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 walihuishwa kwa mashine hizo. Kabla mwaka haujaisha, kampuni yao mpya ilibadili jina ikawa Netscape. Kwa hiyo mtu aliyezifundisha mashine kuchora kina ndiye aliyetoa fedha za kujenga kivinjari kisichojua kina ni kitu gani. Kurasa za Netscape zilikuwa bapa: maandishi, picha, na viungo vya rangi ya buluu.

Wiki tatu na ushei baada ya kampuni hiyo kuandikishwa, tarehe 28 na 29 Aprili, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Wilaya ya Ngara ndani ya saa 24. Kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya Kiitalia iliyowahi kujenga barabara pale, ikawa kati ya kambi kubwa kuliko zote duniani. Na mwishoni mwa Mei, mjini Geneva, watafiti wa wavuti walifanya mkutano wao wa kwanza wa kimataifa, wakajadili jinsi ya kuzipa kurasa kina.

Matukio hayo hayana undugu, wala haifai kuyapima kwa mizani moja. Nayataja pamoja kwa sababu historia ya kurasa zinazosogea husimuliwa kana kwamba dunia yote ilikuwa California, penye waya mnene na umeme usiozimika. Ukiisimulia ukiwa upande wa Ngara na jirani yake Biharamulo, unaona jambo ambalo wasimuliaji wale hulipita haraka: kila hatua ya historia hii ilikuwa jibu la swali la waya. Nini kisafirishwe, na nini kiachwe kikahesabiwe huko huko kinakofikia?

Ngara ya 1994 haikuwa na waya wa kuuliza swali hilo. Umeme ulikuwa wa jenereta. Habari za Benaco ziliondoka kwa redio za masafa na kwa simu za setilaiti za waandishi na mashirika, zilizotozwa kwa dakika na kwa bei ya kuumiza. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara ili watu wa kambini na wenyeji wapate taarifa. Redio ndiyo iliyokuwa teknolojia ya mahali pale, na ilifaa, maana haihitaji zaidi ya betri na sikio.

Turudi Geneva. Mwingereza Dave Raggett alipendekeza katika mkutano ule kwamba wavuti ipate lugha yake ya kuelezea ulimwengu wenye kina, na Wamarekani Mark Pesce na Tony Parisi wakaonyesha programu yao waliyoiita Labyrinth. Kutokana na mazungumzo hayo ikazaliwa VRML, lugha ambayo ilipaswa kumwezesha mtu kuingia katika ukurasa na kutembea ndani yake, apande ngazi, azunguke meza, afungue mlango. Toleo la kwanza lilitoka 1995, na kufikia 1997 toleo la pili lilikwisha kuwa kiwango cha kimataifa. Magazeti ya teknolojia yalitabiri kwamba baada ya miaka michache watu watafanya manunuzi katika maduka ya namna hiyo.

Haikuwa hivyo. VRML ilihitaji programu ya ziada kabla ya kufunguka, kompyuta nyingi za wakati ule hazikuiweza, na mafaili yake yalikuwa mazito. Modemu nzuri ya 1995 ilipitisha kilobiti 28.8 kwa sekunde, sawa na kilobaiti 3.6. Faili la megabaiti moja lilichukua karibu dakika tano, simu ikiwa haijakatika. Hayo ni ya Marekani na Ulaya. Kwa Tanzania, ambako watoa huduma wa kwanza wa intaneti walianza kazi jijini Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990 na mawasiliano yote ya nje yalipitia setilaiti, hesabu ilikuwa chungu zaidi. Setilaiti za aina hiyo hukaa kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi likipanda, likishuka, na jibu nalo likipanda na kushuka, nusu sekunde imekwisha hata kabla ya msongamano. Ukurasa ambao kila kusogea kwake kunaisubiri seva ya mbali hauwezi kusogea, utashtukashtuka tu.

Dawa ilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria kina. Mei 1995 Netscape ilimpa mhandisi Brendan Eich kazi ya kutunga lugha ndogo ya kuandikwa ndani ya ukurasa wenyewe, na yeye akatoa toleo la kwanza kwa siku kumi. Ilianza kwa jina la Mocha, ikawa LiveScript, na Desemba mwaka huo ikatangazwa kuwa JavaScript. Kusudi lake lilikuwa la kawaida kabisa: kukagua fomu kabla haijatumwa, kubadili picha kipanya kinapopita juu yake. Lakini ilibeba jambo moja kubwa. Amri zilisafiri mara moja pamoja na ukurasa, kisha zikatekelezwa katika mashine ya msomaji bila kuuliza tena kwa seva. Skripti ya kilobaiti nne ilifika kwa modemu ile ile kwa sekunde moja na kidogo. Ikishafika, umbali wa setilaiti ulikuwa haumhusu tena msomaji.

Kilichokosekana ni ruhusa ya kuvigusa vitu vilivyo ukurasani. Ruhusa hiyo ilikuja 1997, Netscape 4 ilipotoka Juni na Internet Explorer 4 ya Microsoft miezi michache baadaye. Vivinjari vyote viwili viliiruhusu skripti iseme: kisanduku hiki kiwe pikseli 200 kutoka kushoto na 80 kutoka juu. Ikisema hivyo mara nyingi kwa sekunde, kila mara kwa namba tofauti kidogo, kisanduku kinatembea. Viliruhusu pia kupanga kipi kikae juu ya kipi vinapopishana. Hapo ndipo mafundi wa skripti, wengi wao vijana waliokuwa wakifanya kazi usiku bila malipo, walipogundua kwamba wanavyo vifaa vyote vya kudanganya jicho.

Udanganyifu wenyewe ni wa kale. Ibn al-Haytham aliandika juu ya kuona na miali ya mwanga mwanzoni mwa karne ya 11, na mwaka 1435 Leon Battista Alberti wa Italia aliwawekea wachoraji kanuni za kuonyesha umbali katika ubao bapa. Mtu wa Nyakahura, Biharamulo, anazijua kanuni hizo bila kitabu. Akisimama kandokando ya barabara ya Lusahunga na kulitazama lori la Kigali likienda zake, analiona linapungua na kusogea kuelekea pale barabara inapogusa anga, na lori lililo karibu linalificha lililo mbali. Hakuna lori lililopungua. Umbali ndio uliogawanya.

Kugawanya ndiyo kazi yote. Kila kitu katika ukurasa kina namba mbili, ya kulia na kushoto, na ya juu na chini. Fundi wa 1997 alikipa kila kitu namba ya tatu aliyoihifadhi mwenyewe ndani ya skripti, kwa sababu kivinjari hakikuwa na mahali pa kuiweka. Tuseme jicho la msomaji liko pikseli 500 mbele ya kioo. Kitu kilicho pikseli 500 nyuma ya kioo kiko 1,000 kutoka jichoni. Chukua 500, gawanya kwa 1,000, unapata nusu. Basi kichore kwa nusu ya ukubwa wake, na umbali wake kutoka katikati ya kioo uwe nusu pia. Kikirudi nyuma hadi 1,500, gawanya 500 kwa 2,000: robo. Kikijitokeza 250 mbele ya kioo, gawanya 500 kwa 250, nacho kinakuwa mara mbili. Mwisho, panga vitu vyote kwa umbali ili cha karibu kifunike cha mbali. Hesabu hiyo haizidi ya shule ya msingi.

Kuzungusha ndiko kulikohitaji sekondari. Ukitaka picha nane zizunguke katika duara lililolala, unazipa nafasi za nyuzi 45 kati ya moja na nyingine, kisha sini ya pembe inakupa kulia na kushoto, na kosini inakupa kina. Ongeza pembe kidogo, hesabu upya, chora upya. Nyota zinazomjia msomaji kutoka gizani, majina yanayozunguka, menyu zinazopita mbele na kupotelea nyuma: kurasa za 1998 na 1999 zilijaa vitu hivyo, na vingi vilikuwa vya kuchosha macho. Lakini fikiria ujanja uliomo. Katika mistari hamsini ya maandishi kulikuwa na mwendo ambao, ukitumwa kama video, ungechukua muda mrefu kufika kwa modemu ya wakati ule.

Ujanja huo ulikuwa na mipaka yake. Kisanduku kingeweza kukua na kupungua, lakini hakikuweza kugeuka upande. Mlango unaofunguka una ukingo mmoja mrefu na mwingine mfupi, na kivinjari cha 1997 kilijua mistatili tu. Ndiyo maana kila kitu katika kurasa zile kilimtazama msomaji uso kwa uso hata kilipokuwa kikizunguka. Halafu vivinjari viwili havikusikilizana. Netscape iliviita vitu vya ukurasa kwa njia yake, Microsoft kwa yake, na skripti iliyofanya kazi huku ilikufa kule. Kila fundi aliandika kila amri mara mbili. Oktoba 1998 shirika la viwango vya wavuti, W3C, lilitoa muundo mmoja wa kuviita vitu hivyo, lakini vivinjari vilichukua miaka kuutii, na Netscape yenyewe haikupona. Mwaka huo huo ilikubali kununuliwa na AOL.

Pengo hilo lilijazwa na Flash. Programu hii ya nyongeza, iliyokuwa mikononi mwa Macromedia tangu mwishoni mwa 1996, ilichora mwendo sawasawa katika kila kompyuta, na kwa miaka kumi skripti za kusogeza visanduku zilionekana mchezo wa watoto. Mnamo 2007 Carlos Ulloa na wenzake walikuwa na Papervision3D, zana iliyoleta kina cha kweli ndani ya Flash, na makampuni ya matangazo yakaikumbatia. Kwangu mimi huo ulikuwa wakati wa kurudi nyuma. Flash ilifundisha wabunifu kutuma kila kitu, picha, sauti, utangulizi wa dakika nzima, na mzigo wote aubebe msomaji. Katika vibanda vya intaneti vya Mwanza na Bukoba miaka ile, ambako kompyuta kadhaa ziligawana uwezo wa setilaiti moja na mteja akalipia kwa muda, kitufe cha kuruka utangulizi kilikuwa rafiki wa kila mtu.

Kilichoiua Flash ni simu. iPhone ya Apple ilitoka 2007 bila kuikubali, na Aprili 2010 Steve Jobs, mkuu wa kampuni hiyo, akaandika barua ya wazi kueleza kwa nini haikubaliki. Adobe, waliokuwa wameinunua Macromedia, walisitisha huduma yake tarehe 31 Desemba 2020. Lakini Apple haikuishia kukataa. Machi 2009 W3C ilichapisha rasimu iliyotokana na kazi ya wahandisi wa Apple, ikiomba kwamba namba ya tatu iingizwe katika CSS, lugha ya mitindo ya kurasa. Sasa fundi angekiambia kivinjari moja kwa moja: jicho liko umbali huu, kisanduku hiki kirudi nyuma kiasi hiki, kigeuke nyuzi hizi. Kugawanya kungefanywa na chipu ya michoro ndani ya simu, ambayo kazi yake ni hiyo na huifanya kwa kasi ambayo skripti haifikii. Mlango hatimaye ukafunguka, ukingo mrefu huku na mfupi kule. Chrome iliikubali 2011, Firefox Januari 2012, na Internet Explorer 10 mwaka huo huo.

Mwaka 2009 ndio pia mwaka ambao waya ulifika. Tarehe 23 Julai mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa, ukiwa na kituo Dar es Salaam, na EASSy ukafuata 2010. Serikali ilikwisha kuanza kujenga mkongo wa taifa, kazi iliyofanywa na kampuni ya Kichina na kusimamiwa baadaye na TTCL, hadi ukapita kilomita 7,500. Hapa Ngara inaingia katika historia hii kwa mlango wa mbele. Mkongo huo uliunganishwa na Rwanda katika mpaka wa Rusumo, na pia na Burundi katika mpaka wa Kabanga, na mipaka yote miwili imo katika wilaya hii moja. Mwanga unaobeba kurasa za Kigali na Bujumbura kupitia Tanzania ulianza kupita chini ya udongo wa Ngara, kuelekea Rusumo ile ile ambayo mwaka 1994 ilikuwa njia ya kuokoa roho.

Kupita si kufika. Mkongo ukipita kando ya kijiji bila mnara, kijiji kinabaki kama kilivyokuwa. Kwa miaka mingi simu za watu wa mpakani zilishika mnara wa nchi jirani, na salio likaisha kwa gharama za kigeni. Mambo yalibadilika polepole, kwa ruzuku za Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na kwa ushindani, hasa baada ya Halotel kuingia sokoni Oktoba 2015 na kusambaza minara vijijini. Umeme nao ulikuwa na safari yake. Biharamulo na Ngara ziliishi nje ya gridi ya taifa zikitegemea mitambo ya dizeli, na saa za umeme zilihesabika. Leo kuna kituo cha kufua umeme katika maporomoko ya Rusumo kwenye Mto Kagera, megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Umeme unahusu kurasa kuliko inavyodhaniwa. Skripti za zamani ziliendeshwa kwa saa ya kengele: kila baada ya milisekunde kadhaa, amka, hesabu, sogeza, hata kama msomaji amehamia ukurasa mwingine, hata kama simu iko mfukoni. Betri iliisha bila mtu kuona chochote. Mwaka 2010 Robert O'Callahan wa Mozilla, watengenezaji wa Firefox, alikuja na njia ya kuugeuza utaratibu huo. Skripti isijiamshe, ingoje kivinjari kiseme kwamba kioo kiko tayari kwa fremu mpya. Vioo vingi hujichora mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo skripti hupata milisekunde 16 na kidogo za kumaliza hesabu zake, na ukurasa usipoonekana haiamshwi kabisa. Kwa mtu anayechaji simu kwa fedha kwenye kibanda cha senta, hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko urembo wowote wa kina. Katika historia zilizoandikwa hupewa mistari miwili.

Wakati huo kundi jingine la wahandisi lilikuwa likitafuta njia ya kuifikia chipu ya michoro moja kwa moja. Vladimir Vukićević wa Mozilla alionyesha majaribio yake 2006, na Machi 2011 ikatoka WebGL, kiwango kinachoiruhusu JavaScript kuchora pembetatu maelfu kwa maelfu. Kuandika WebGL kwa mkono ni kazi ya kuchosha, na ndiyo maana three.js, maktaba ya programu aliyoiweka hadharani Mhispania Ricardo Cabello mwaka 2010, imeenea kila mahali. Kwa hiyo ndoto ya Geneva ilitimia, ila si kwa lugha iliyobuniwa kule. Ilitimizwa na lugha ndogo ya kukagua fomu.

Hapo ndipo Ngara na Biharamulo zilipoweza kuonekana zenyewe ndani ya kioo, milima kwa mabonde. Kina cha ardhi hii kina historia ndefu ya kupimwa. Mwaka 1861 wasafiri John Hanning Speke na James Grant walipita nchi waliyoiita Usui, iliyotawaliwa na Suwarora, katika pande za Biharamulo ya leo, wakielekea Karagwe. Mwinuko waliupima kwa kuchemsha maji, kwa kuwa maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda. Mara nyingine njia hiyo ilimpa Speke majibu ya karibu sana na ukweli: alipolifikia Ziwa Victoria mara ya kwanza mwaka 1858, alilikadiria kuwa futi 3,740 juu ya bahari, tofauti ya futi ishirini hivi na vipimo vya sasa. Lakini ilimpa mwinuko wa pale aliposimama tu. Mlima wa jirani ulibaki kukadiriwa kwa jicho.

Miaka 139 baadaye, tarehe 11 Februari 2000, chombo cha anga za juu cha Marekani, Endeavour, kilipaa kikiwa na antena mbili za rada zilizotenganishwa na mlingoti wa mita 60. Kwa siku 11 kilipima mwinuko wa karibu asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia. Data za Afrika zilitolewa kwanza kwa vipimo vya kila mita 90, na Septemba 2014 Marekani ilipotangaza kutoa zile za kila mita 30, ilianza na Afrika. Hizo ndizo zinazoziwezesha kurasa za ramani kuinua vilima vya Bugufi huko Ngara na kukuonyesha Mto Ruvubu ukikutana na Kagera kabla ya maporomoko. Google Earth ilianza 2005 ikiwa programu ya kusakinisha. Aprili 2017 iliingia ndani ya kivinjari.

Tazama lakini jinsi swali la waya linavyorudi. Eneo la kilomita 30 kwa 30 kuzunguka mji wa Ngara, likipimwa kila mita 30, lina vipimo milioni moja. Kila kimoja kikichukua baiti mbili, hizo ni megabaiti mbili za mwinuko tu, picha za ardhi hazijawekwa. Ukizituma zote kwa kila msomaji, bando linakwenda na simu inakwama. Wanachofanya mafundi ni kuikata ardhi katika vigae, kisha kutuma vigae vya karibu kwa ukamilifu na vya mbali kwa vipimo vichache, maana kilima kilicho mbali kimekwisha kupunguzwa na umbali na jicho halitajua. Skripti ya mtazamo inayogawanya ukubwa ndiyo hiyo hiyo inayogawanya mzigo.

Busara hiyo haijaenea. Kurasa nyingi za mashirika, vyuo na hata ofisi za umma sasa zinafunguka kwa picha zinazoelea, vichwa vya habari vinavyojigeuza na vikadi vinavyopinduka, na ili kupata mchezo huo zinabeba three.js nzima, zaidi ya nusu megabaiti kabla ya kubanwa, pamoja na maktaba nyingine mbili tatu. Aliyetengeneza alijaribu kwenye kompyuta mpya ofisini. Msomaji wa Rulenge, Ngara, anaifungua kwa simu ya bei ndogo yenye chipu dhaifu, fremu 60 zinakuwa 10, na alichokuwa anatafuta, tarehe ya mwisho ya kuomba nafasi au orodha ya dawa, kimejificha nyuma ya kadi ambayo bado inapinduka. Sioni udhuru wa hilo. Lugha iliyozaliwa ili kupunguza safari za waya inatumika kuziongeza.

Kuna pia wale ambao mwendo unawadhuru. Apple ilipotoa mfumo wa iOS 7 mwaka 2013, wenye picha za nyuma zinazosogea kwa kina na programu zinazofunguka kwa kurukia usoni, watumiaji walilalamika kizunguzungu na kichefuchefu. Kutokana na malalamiko ya aina hiyo, tangu 2017 vivinjari vimeanza kuuambia ukurasa kama mwenye kifaa ameomba mwendo upunguzwe. Ukurasa ulioandikwa vizuri unamsikiliza. Ni mistari michache ya CSS, na wengi hawaiandiki.

Kijana wa Ngara au Biharamulo anayetaka kujifunza kazi hii asianze na maktaba kubwa. Aandike ukurasa wenye kisanduku kimoja na skripti yenye namba tatu: kulia, chini, na kina. Aweke jicho pikseli 500 mbele ya kioo, agawanye kwa mkono kama mafundi wa 1997, akitazame kisanduku kikienda mbali na kurudi. Kisha aifute hesabu yake, aiachie CSS igawanye, na kulinganisha betri ya simu katika hali zote mbili. Kivinjari kilichomo ndani ya simu yake kina kila kitu kinachohitajika, hakuna intaneti inayotakiwa wakati wa kujaribu, na faili lote halitafika kilobaiti mbili.